Kulipia Chakula Kabla ya Kukiona

Ndugu watatu wa Likoni, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wametuletea swali ambalo tumelizungumza meza hii kwa siku nyingi kuliko tulivyotarajia. Mama yao amewapikia watu maisha yake yote. Pilau za harusi Mtongwe, biriani za hitima Timbwani, mahamri ya asubuhi ya Idi kwa mtaa mzima: hakuna shughuli ya jirani ambayo hakuombwa kusimama mbele ya sufuria. Sasa magoti yamechoka, na watoto wake wameweka akiba ya shilingi 30,000 wakitaka siku moja aketi yeye, ahudumiwe yeye. Wameona tangazo la chakula cha jioni ndani ya jahazi. Kila mtu hulipa bei moja, chakula kimekwisha kupangwa tangu mwanzo hadi kitamutamu cha mwisho, pesa zote hutolewa kabla ya siku yenyewe, na anayelipa kabla ya mwisho wa mwezi hupunguziwa. Mmoja wao anataka kulipa leo. Wa pili asema ni israfu. Wa tatu auliza jambo moja tu: je, mama mwenyewe atafurahi?

Hatukupenda kuwajibu kwa haraka, kwa kuwa swali hili si lao peke yao. Familia nyingi za Kisauni, Changamwe na Likoni zimeanza kulikabili, hasa nyakati za mitihani kumalizika, za ndoa kutimiza miaka, au za ndugu kurejea kutoka Arabuni na kutaka kuwakusanya wazee.

Wala si biashara ngeni kwetu. Tamarind ya Nyali, jumba lililo ukingoni mwa hori likitazamana na Mji wa Kale, imejulikana kwa miaka mingi kwa jahazi lake linalozunguka na walaji usiku. Bombolulu, kituo kilichoanzishwa mwaka 1969 ili kuwapa kazi watu wenye ulemavu, kina nyumba za jadi ambamo mgeni huonyeshwa maisha ya makabila mbalimbali. Ukishuka kusini hadi Shimoni, safari za kisiwa cha Wasini huuzwa kwa bei moja yenye mashua, kuogelea katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti na chakula cha mchana cha kaa na samaki. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mikahawa ya darini, kama ile ya Emerson Spice, ambako nafasi huwekwa mapema, walaji wote huketi wakati mmoja, na sahani huja moja baada ya nyingine bila ya mtu kuagiza. Nairobi nako kuna Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980. Huko nyama hukatiwa mezani, na wahudumu hawaachi kuongeza mpaka mlaji ashushe kibendera cheupe kilichosimamishwa mbele yake. (Mojawapo ya nyama hizo ni ya mamba, na hilo ni darasa jingine kabisa.)

Ukiyatazama yote haya utaona kwamba bei moja imebeba vitu viwili. Kuna chakula, na kuna mahali pa kukilia. Chakula chaweza kupimwa, kwani kila mama wa nyumba anayekwenda soko la Kongowea ajua kilo ya samaki, ya kamba na ya mchele zimefika wapi. Akiifanya hesabu hiyo atagundua kwamba kilicho sahanini ni sehemu ndogo ya alicholipa. Kilichobaki ni jahazi, taa, muziki, mishahara ya wahudumu, na ile raha ya kutoosha vyombo. Hilo si wizi. Jahazi likibeba watu kumi au hamsini huondoka na mafuta yale yale na nahodha yule yule, na ndiyo maana mwenye chombo hutaka kulipwa kabla. Akijua idadi, hununua samaki kwa idadi hiyo wala hatupi kitu. Punguzo analotoa kwa anayewahi lina sababu ya kweli.

Israfu, basi, haipatikani kwa kulinganisha bei ya mkahawa na ya jikoni kwetu. Hupatikana pale mtu anapolipia kitu ambacho hatakitumia. Mzee anayekula vijiko vitatu vya wali hulipiwa sawa na kijana anayemaliza sinia. Mwenye kisukari hulipia halua asiyoweza kuionja. Mtoto wa miaka sita hulala kabla ya sahani ya pili. Katika mlo wa kuagiza, kila mmoja huchukua kinachomfaa na hulipa hicho. Katika mlo uliopangwa, jikoni ndilo huamua, nawe huchukua kilichoamuliwa. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili huonekana wazi zaidi. Hoteli nyingi huandaa futari ya bei moja, nasi hukimbilia, ilhali aliyefunga hushiba kwa tende, uji na kambaa mbili za mishkaki, kisha anawaza tarawehe. Tumewaona watu wakijilazimisha kula ili pesa zao zirudi. Pesa hazikurudi, na rakaa zilikuwa nzito.

Sasa tuje kwenye kulipa kabla. Waislamu hawahitaji kuliogopa jambo hili kana kwamba lilibuniwa jana na wenye mahoteli. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya kuiva, kwa mwaka mmoja na kwa miaka miwili. Hakuwakataza. Aliwaelekeza kwamba mwenye kutanguliza malipo ayatangulize kwa kipimo kinachojulikana na uzani unaojulikana, hadi muda unaojulikana. Wanazuoni wakaita biashara hiyo salam, na wakaijengea masharti yake. Hatudai kwamba chakula cha jahazi ni salam kamili, kwa kuwa ndani yake mna huduma na safari pamoja na chakula. Lakini mizani ile ile yatutosha: tunalipia nini, kiasi gani, na lini?

Jaribuni kulisoma tangazo kwa mizani hiyo. "Ladha za bahari" ni kipimo gani? Ni kamba wanne au ni kipande cha ngisi juu ya majani? "Kinywaji cha makaribisho" ni maji ya ukwaju au ni kitu kingine? "Jioni" ni saa ngapi, na mvua ikinyesha au chombo kikiharibika, ni siku ipi? Tangazo zuri hujibu, au mwenye tangazo hujibu anapopigiwa simu, tena huandika majibu yake. Asiyejibu anakuuzia jina.

Kuna na lile suala la arbuni. Neno hili tumelirithi kutoka Kiarabu na twalitumia kila siku tunaposhika kiwanja au gari, lakini wachache hukumbuka kwamba lina mjadala mrefu. Wengi wa wanazuoni wa kale, na miongoni mwao wa madhehebu yetu ya Shafi, hawakuikubali biashara ambayo mnunuzi akighairi, arbuni yake huliwa na muuzaji bila ya badali. Imam Ahmad aliikubali. Mwaka 1993, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Brunei, liliamua kwamba yafaa iwapo muda wa kungoja umewekewa mpaka. Mwenye moyo mzito katika jambo hili na amwendee imamu wake. Sisi twasema jambo la kawaida zaidi: kabla ya kutoa senti, jueni nini hupotea mkighairi, na hadi siku gani mwaweza kughairi bila ya kupoteza. Mgonjwa hapangi siku ya kuugua, na msiba hautoi taarifa.

Sheria ya nchi nayo haikutuacha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachostahili, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nayo, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya uongo juu ya kinachouzwa. Ila haki bila ya ushahidi ni maneno tu. Lipeni kwa nambari ya biashara ya M-Pesa ambayo jina la mkahawa hutokea mnapothibitisha, wala si kwa simu ya mfanyakazi hata akiwa mpwa wa jirani. Ujumbe wa malipo msiufute mpaka mrudi nyumbani mmeshiba.

Hesabu ndiyo inayowaponyoka wengi. Tutoe mfano, nao ni mfano tu, si bei ya mahali popote. Familia ina watu wazima watatu na watoto wanne. Bei ni shilingi 4,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Wazima ni 12,000, watoto ni 8,000, jumla 20,000. Baba afurahi. Kisha aona chini ya tangazo, kwa herufi za sisimizi, kwamba bei hiyo haikujumlisha kodi. VAT ya asilimia 16 ni 3,200. Ushuru wa utalii wa asilimia 2 ni 400. Mkahawa ukiongeza malipo ya huduma ya asilimia 10, hizo ni 2,000 nyingine. Zile 20,000 zimekuwa 25,600, na bado maji ya kunywa na soda za watoto, ambavyo aghalabu havimo ndani ya mlo uliopangwa. Swali la kwanza katika simu, basi, liwe hili: nikishalipa kiasi hiki, nitatoa shilingi nyingine nikiwa mezani? Na likijibiwa kwa "kidogo tu", ulizeni kidogo hicho ni ngapi.

Ongezeni njia. Mtu wa Kisauni hufika Nyali kwa matatu na kurudi bila ya taabu kubwa. Mtu wa Changamwe lazima avuke Makupa na Nyali, na saa nne za usiku, akiwa na wazee na watoto waliolala, hatapanda matatu. Atakodi gari kwenda na kurudi, na huenda likahitajika gari la pili. Wa Likoni ana feri. Kivuko hakimtozi mwenye miguu, twashukuru, lakini kila aliyewahi kushuka kile kiteremko akiwa na mtu mwenye magoti mabovu ajua kwamba kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Halali tumeiweka hapa makusudi, kwa sababu watu huiuliza vibaya. Huuliza, "Nyama yenu ni halali?" na hujibiwa ndiyo, na mazungumzo yakaisha. Katika mlo wa samaki nyama huenda isiwe shida hata kidogo. Shida ni mchuzi uliotiwa mvinyo, kitamutamu kilichorowekwa katika pombe, na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa nguruwe. Omba uone cheti cha halali kutoka Kenya Bureau of Halal Certification au chombo kingine kinachotambulika, na utazame tarehe ya kumalizika kwake. Kisha uliza juu ya sahani moja moja.

Jambo jingine husahauliwa na sisi Mashafi wa pwani, ambao twala chochote kitokacho baharini. Wakwe zetu wengi ni Mahanafi, na kwao kaa na kamba mawe si chakula, na hata juu ya kamba wadogo wana mjadala. Ndugu zetu wa Kishia hula samaki mwenye magamba pamoja na kamba, lakini kaa, pweza na ngisi hapana. Mlo uliopangwa wa baharini waweza kumwacha mkwe wako na mkate na kachumbari mbele ya watu, naye atasema ameshiba. Aibu hiyo itakuwa yako.

Na ulevi je? Yamepokewa mafundisho yaliyo wazi juu ya kutoketi kwenye meza inayozungushwa mvinyo. Wako wanaosema meza ni ile yako, na ya jirani si juu yako. Wako wanaosema chombo kimoja kilicho katikati ya maji, kisicho na mlango wa kutokea kwa saa tatu, chote ni meza moja. Hatutatoa fatwa katika ukurasa huu. Twakumbusha tu kwamba katika mkahawa wa nchi kavu, meza ya karibu ikichangamka kupita kiasi, mtu huamka akaenda zake. Katika jahazi haamki. Jua letu huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na safari nyingi za jioni hupangwa kufuata machweo hayo hayo, kwa hiyo Magharibi huenda ikawakuta ndani. Ulizeni pa kutawadhia na pa kusalia. Mwenye chombo aliyezoea wageni wetu atawaambia mara moja.

Turudi kwa yule mama wa Likoni. Lipo tangazo jingine ambalo watoto wake walitaja katika barua yao, la "usiku wa Kiswahili" katika hoteli ya ufuoni: wahudumu wa kanzu na kofia, kuta zimetundikwa kanga, na katikati sinia za pilau, samaki wa kupaka, mbaazi na kaimati. Hilo twawaambia waliache. Mpishi akila chakula chake kilichopikwa na mwingine haachi kupika kichwani. Ataonja pilau na kujua bizari ilikaangwa muda gani, nazi ilikamuliwa mara ngapi, na mchele ulioshwa au haukuoshwa. Huo utakuwa usiku mwingine wa kazi, na atalipiwa bei ya mtalii ili aufanye.

Jahazi ni wazo zuri zaidi, nasi twaona aliyelipendekeza alimfahamu mama yake kuliko alivyojua. Mama huyu amevuka maji ya Kilindini pengine mara elfu kadhaa, akiwa amesimama, na kapu mkononi, akitazama wakati. Hajawahi kuketi juu ya bahari bila ya kubeba kitu. Hicho hakipatikani jikoni kwake, na hicho ndicho kinachostahili kulipiwa. Lakini si lazima kiwe usiku, wala kwa muziki na vinywaji vya watu wengine, wala upande wa pili wa feri.

Kwa anayeishi Likoni, barabara ya kusini iko mlangoni na haihitaji kivuko. Shimoni ni zaidi ya kilomita 70, mwendo wa asubuhi. Mkondo wa baina ya Shimoni na Wasini ni mfupi, na kijiji cha Wasini ni cha Waislamu Wavumba, wenye adhana yao na chakula chao. Kina mama wa kisiwa wana njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe ya kale na mikoko, na mtu mzima aweza kuitembea taratibu. Waulize bei ya mashua na chakula bila ya kuogelea na bila ya kiingilio cha hifadhi, kwa sababu mama hatapiga mbizi. Waulize kama kaa aweza kubadilishwa na samaki kwa asiyemla. Waepuke miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, ambapo bahari ya nje huchafuka. Na ikiwa nyoyo zao bado ziko kwenye jahazi la usiku, wamwulize mwenyewe gharama ya kukodi chombo chote, kisha wawashirikishe mashangazi na binamu mpaka idadi itoshe. Kundi lililokodi chombo kizima huweza kuchagua kinachonywewa ndani yake.

Swali la ndugu wa tatu hatuwezi kulijibu sisi. Walikuwa wanataka kumshtukiza mama, na twawasihi wasifanye hivyo. Mwanamke aliyekuwa na sauti juu ya kila sufuria ya mtaa hapendi kupelekwa mahali asipopajua, akaona bei mezani, akala kwa uchungu wa pesa za wanawe. Wamwambie kwamba pesa zimetengwa, haziwezi kurudi kuwa karo wala saruji, na kazi yake ni kuchagua: bahari ya mchana au ya jioni, Wasini au Nyali, au kubaki nyumbani na kuletewa sinia kutoka kwa mpishi amtakaye, kina jirani wakialikwa.

Na yule anayetaka kulipa leo angoje mpaka wamwulize mama. Punguzo, kwa mujibu wa tangazo walilotuletea, ni hadi mwisho wa mwezi, na leo ni tarehe 12.